Nikiiga nachora vizuri, nikibuni mhusika wangu ananipotea

SWALI

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni kijana wa miaka 24, naishi Morogoro mjini. Nimeajiriwa kwenye duka la steshenari: natoa kopi, naprinti, nawachapia watu barua na CV. Kuchora nimeanza tangu darasa la pili. Shuleni mimi ndiye niliyekuwa naitwa kuchora ramani ya Afrika na mchoro wa moyo ubaoni. Baadaye nikaanza kuiga wahusika wa katuni za Kijapani kutoka kwenye simu, na bila kujisifu, nikimwiga mhusika huwezi kumtofautisha na yule wa asili. Marafiki hunitumia picha zao niwageuze katuni, na wanaziweka kwenye profaili zao.

Mwezi wa pili mama mmoja, mwalimu mstaafu ambaye huja kutoa kopi dukani, aliliona daftari langu la michoro. Ameandika hadithi za watoto na anataka kuzichapa ziwe vijitabu. Akanipa kazi ya kumchorea mhusika mkuu. Ni msichana wa miaka tisa anayeitwa Tatu, anaishi na bibi yake kijijini chini ya milima ya Uluguru, na tabia yake ni kufungua kila kitu ili aone ndani kuna nini: redio, tochi, saa ya ukutani, hata kufuli. Hadithi zenyewe ni tamu, nilizisoma zote usiku mmoja.

Nikachora kurasa nane. Nilipompelekea, aliziangalia kimya, halafu akaniuliza kwa upole: "Baba, huyu wa ukurasa wa tatu ni dada yake?" Mwalimu, alikuwa ni Tatu yuleyule. Nilipozipanga kurasa zote mezani nikaona mwenyewe. Ukurasa huu uso mrefu, ule mwingine mfupi, kwingine anaonekana mtu mzima kabisa. Na kibaya zaidi, bibi yake ukimtoa mikunjo anafanana na mjukuu: macho yaleyale makubwa, kidevu kilekile chembamba. Yule mama hakukasirika, amenipa muda nirekebishe. Lakini tangu siku hiyo nikishika penseli mkono unakuwa mzito.

Rafiki yangu anasema tatizo ni vifaa, ninunue tableti ya kuchorea. Nimeshaweka akiba kama nusu ya bei. Mwingine anasema kubuni ni kipaji, kama hukuzaliwa nacho utabaki kuiga maisha yote. Baba naye anasema niachane na vikatuni nikasome umeme chuo cha ufundi cha VETA. Jambo jingine, mimi na yule mama hatujazungumza pesa kabisa. Naona haya kumtajia bei mtu mzima kama yule.

Naomba uniongoze, nifanyeje?

Mwenye Penseli, Morogoro

JIBU

Marahaba, Mwenye Penseli.

Yule mama amekusaidia sana kwa swali lake. Angeweza kukusifu kwa heshima, akaenda kutafuta mchoraji mwingine. Na fikiria mtoto wa miaka saba akikishika kijitabu hicho: yeye hatauliza kama huyu ni dada yake. Atakiweka chini tu, kwa sababu hajui tena anamfuata nani. Mhusika wa hadithi ya picha, kabla hajapendeza, lazima atambulike. Awe mbali, awe amegeuka, awe analia, awe amelowa mvua, mtoto amjue kuwa ni yeye.

Kuiga hakujakuharibu, na asikutishe mtu. Mkono wako umeshajifunza kutii jicho, na hiyo ni kazi ya miaka ambayo tayari umeimaliza. Ila unapoiga, mtu mwingine ameshakuamulia kila kitu: kichwa kiwe na ukubwa gani, macho yakae wapi, mabega yawe mapana kiasi gani. Wewe unafuata. Hata macho makubwa unayoyapenda yana chanzo chake. Osamu Tezuka, Mjapani aliyezaliwa mwaka 1928, alikua akizipenda mno katuni za Kimarekani, hasa za Walt Disney, na macho makubwa aliyoyaona huko akayaleta kwenye vibonzo vyake kwa kuwa yalimpa nafasi pana ya kuonyesha hisia. Waliomfuata wakayaendeleza, kila mmoja kwa namna yake. Macho hayo, basi, yalikuwa uamuzi wa mtu aliyejua anatafuta nini. Wewe umeyachukua ukampa Tatu, kisha ukampa na bibi yake bila kujiuliza kama wawili hawa wanautazama ulimwengu kwa namna moja.

Sasa fanya jambo ambalo litakuuma kidogo: kwa muda, acha kuchora nyuso. Nina hakika huwa unaanza na jicho la kushoto, unalinakshi mpaka linang'aa, ndipo unatafuta mahali pa kuweka mwili. Wengi waliojifunza kwa kuiga huanzia hapo. Geuza mpangilio huo. Jiulize kwanza Tatu anakaaje. Mtoto anayefungua redio za watu hakai wima kama yuko kwenye picha ya pasipoti. Anachuchumaa, magoti yamekaribia masikio, shingo imetangulia mbele, viwiko viko nje kwa sababu mikono ina kazi. Bibi yake je? Nadhani ni mtu aliyekwishaona mengi na hababaiki. Mkalishe kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, mgongo umenyooka, mikono imetulia mapajani. Ukiwachora hawa wawili bila uso, vichwa mviringo mtupu, tayari hakuna atakayewachanganya.

Ukishaujua mkao, tafuta umbo. Wachora katuni hurahisisha mwili kuwa maumbo ya msingi: duara, mraba, pembetatu, yai, harage. Si kwa sababu ni wavivu. Ub Iwerks alipomchora Mickey Mouse kwa ajili ya Disney mwaka 1928, alimjenga kwa maduara, na duara ni rahisi kurudiwa na wachoraji wengi, mara nyingi, haraka. Angalia masikio ya Mickey: kichwa kigeuke upande wowote, masikio hubaki maduara mawili. Kwenye maumbile hakuna sikio la namna hiyo. Ni sheria aliyowekewa mhusika, na kwa sababu ya sheria hiyo unamjua hata ukimwona kwa mbali. Vidole vyake vinne badala ya vitano vilikuwa na sababu ya namna hiyohiyo, kupunguza kazi ya kuchora picha maelfu. Tatu naye anahitaji sheria zake chache, na utakayezitunga ni wewe.

Umbo pia linasema tabia kabla mdomo haujafunguliwa. Duara huleta ulaini na utoto. Mraba huleta uzito na uthabiti. Pembetatu yenye ncha huleta wepesi, ukali, wakati mwingine hila. Usilichukulie hili kama amri, lakini lijaribu. Chora Tatu wa maduara, Tatu wa miraba, Tatu wa pembetatu, wengi wadogowadogo kwenye karatasi moja, kila mmoja asizidi kidole gumba. Kati yao mmoja atakuvuta jicho. Mimi ningeanza na pembetatu iliyosimama kwa ncha: kichwa kikubwa chenye paji pana, miguu myembamba, kwa sababu mtoto huyu anaongozwa na kichwa chake. Bibi ningempa mraba wenye kona laini. Lakini Tatu ni wako na wa yule mama, si wangu.

Kisha mpime kwa kivuli. Chukua maka pen, ujaze umbo zima kwa weusi, uso na nguo vipotee vyote, halafu mwonyeshe mtu: huyu anafanya nini, ana umri gani, yuko katika hali gani? Akishindwa kujibu, tatizo liko kwenye umbo, na nakshi za usoni hazitaliponya.

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli kwa sisi tunaochora watoto wa huku, na nataka nikae nalo kidogo. Vitabu vingi vya kufundishia katuni vimetoka Marekani, Ulaya na Japani, na huko nywele zinabeba kazi kubwa. Tintin, kijana wa vibonzo vya Mbelgiji Hergé, anajulikana kwa shungi lake la mbele; ukimfunika uso, bado ni yeye. Lakini Tatu wako anasoma shule ya msingi ya kijijini. Shule nyingi za serikali huwataka wanafunzi wakate nywele, kwa hiyo kichwa chake ni sawa na cha mvulana aliyekaa naye dawati moja. Sare nayo ni ileile kwa wasichana wote, shati jeupe na sketi ya bluu. Utamtofautishaje na wenzake thelathini? Nimewaona wachoraji wakikimbilia njia ya mkato: wanampa msichana kope ndefu, wanampa utepe, au wanamfuga nywele ambazo shuleni kwake angerudishwa nyumbani. Mtoto wa Mgeta au Matombo, huko Uluguru, akimwona, anajua huyu si wa shuleni kwao.

Kwa hiyo mtafutie utambulisho wake ndani ya maisha yake. Labda shingo yake ni ndefu na kola ya shati haifiki inapotakiwa. Labda sketi ni ya kurithi, inamzidi ukubwa, imekunjwa kiunoni hadi imetuna upande mmoja. Labda soksi moja imeanguka na nyingine imesimama, kwa sababu kwenye ile iliyosimama amechomeka bisibisi. Hiyo bisibisi sioni namna ya kumnyima: ni ndogo, inaonekana hata kwenye kivuli, na inaeleza hadithi nzima. Akiwa nyumbani kipindi cha likizo, bibi anaweza kuwa amemsuka mabutu mawili. Hapo una umbo jipya, lakini soksi na bisibisi vitamfuata, na mtoto atamjua. Chagua viwili au vitatu, si kumi. Kila kitu unachomwongezea utalazimika kukichora kila ukurasa hadi mwisho wa kitabu.

Sasa ule ukurasa wa tatu. Uso ulibadilika kwa sababu hukuwa na vipimo. Kila mara ulikuwa unamkumbuka upya. Fundi cherehani huandika vipimo vya mteja kwenye daftari, na wewe fanya hivyo. Kipimo chetu ni kichwa. Mtu mzima wa kawaida ana urefu wa kama vichwa saba na nusu vyake mwenyewe. Mtoto wa miaka tisa ana kama sita. Kwenye katuni tunafupisha ili kichwa kionekane: Tatu mpe vichwa vinne, bibi vitano. Ukishaandika vinne, ni vinne kuanzia jalada hadi ukurasa wa mwisho, hata akiwa amechuchumaa. Na umesema kuna mahali anaonekana mtu mzima. Nadhani najua kwa nini. Mtu mzima macho yake yako karibu katikati ya kichwa, kati ya utosi na kidevu. Mtoto, kwa kuwa fuvu lake ni kubwa kuliko uso, macho yako chini ya katikati na paji linabaki kubwa. Mahali ulipoyapandisha macho, ulimzeesha. Yashushe, fupisha pua, kidevu kiwe kidogo, naye atarudi utotoni.

Kichwa kijenge kama mpira. Zungushia mstari wa wima unaopita puani na wa mlalo unaopita machoni. Akiinama, mstari wa mlalo unapinda kuelekea chini. Akitazama juu, unapinda kuelekea juu. Akigeuka, ule wa wima unasogea naye. Macho, pua na mdomo vinakaa juu ya mistari hiyo, haviruki. Najua ulizoea kuchora uso kama karatasi bapa kwa sababu picha uliyokuwa unaiiga ilikuwa bapa. Ndiyo maana ukimgeuza kidogo anakuwa mtu mwingine.

Ukimaliza hapo, tengeneza karatasi ya mhusika. Mchore Tatu amesimama mara nne katika mstari mmoja: mbele, robo tatu (amegeuka kidogo, hajafika ubavuni), ubavuni, mgongoni. Pitisha mistari ya mlalo kwa rula kutoka wa kwanza hadi wa nne: utosi, macho, kidevu, bega, kiuno, goti, unyayo. Kila kiungo kiguse mstari wake kwa wote wanne. Pembeni andika sheria zake kwa maneno: soksi ya kulia imesimama, bisibisi iko hapo, sketi imetunia kushoto, sikio linaanzia usawa wa jicho. Chini yake weka nyuso ndogo za hisia. Tengeneza nyingine ya bibi, kisha nyingine inayowaonyesha wote wawili wakiwa wamesimama pamoja, ujue utosi wa Tatu unafika wapi kwa bibi yake. Bandika karatasi hizo ukutani mbele ya meza, na usichore ukurasa wowote bila kuzitazama. Kwenye studio za vibonzo vya televisheni hakuna anayeruhusiwa kuchora bila karatasi hiyo, hata awe hodari vipi, kwa sababu mhusika mmoja hupita mikononi mwa watu wengi.

Huku kwetu tuna wahusika ambao wasomaji walikaa nao miaka na miaka. Juha Kalulu wa Edward Gitau aliishi kwenye gazeti la Taifa Leo la Kenya kwa miongo. Chakubanga wa Christian Gregory alikuwa kwenye gazeti la Uhuru, na kipanya cha Masoud Kipanya hadi leo hakihitaji kutambulishwa. Hawa walichapwa kwenye karatasi ya gazeti, kwenye kisanduku kidogo, mara nyingine wino umesambaa, na msomaji bado aliwajua. Wewe unakaa siku nzima na mashine ya kopi, kwa hiyo tumia nafasi hiyo: mtoe Tatu kopi, toa kopi ya kopi, mpunguze hadi awe na urefu wa kidole. Kinachobaki ndicho Tatu. Kilichopotea kilikuwa nakshi.

Nigusie na rangi ya ngozi, kwa sababu wengi huanguka hapo. Muulize mama kama ndani ya kijitabu ni rangi au nyeusi na nyeupe. Kama ni nyeusi na nyeupe, usimjaze kijivu uso mzima. Kwenye uchapaji wa bei nafuu kijivu hugeuka doa na macho yanazama. Acha mstari ufanye kazi, na weusi uuweke kwenye nywele, kivuli cha shingo, mikunjo ya nguo. Kama ni rangi, chora kahawia zilizo hai, tofauti kwa Tatu na kwa bibi, kwa sababu hata ndani ya nyumba moja watu hawana rangi moja. Na midomo na pua vichore kwa upendo. Vibonzo vya enzi za ukoloni viliwachora watu weusi wote kwa mdomo mmoja mkubwa na macho ya kutumbua, na kuna wachoraji wetu ambao bado wanaurithi mchoro huo bila kujua ulitoka wapi. Katuni inatia chumvi, ni kweli, lakini itie chumvi kwenye kitu cha Tatu peke yake: paji lake, shingo yake, ile namna yake ya kung'ata ulimi anapokaza skrubu.

Hisia zake zitafute kwenye kioo, kisha kwenye tabia yake. Nyusi na mdomo hubeba sehemu kubwa, hilo utalipata upesi. Lakini hasira ya Tatu si hasira ya kila mtoto. Akikasirika anapiga kelele, au ananyamaza na kuendelea kufungua skrubu kwa nguvu zaidi? Akimdanganya bibi yake kuhusu saa ya ukutani, mikono anaificha wapi? Mchore akiwa katika hali hizo, mwili mzima. Hayo yatakufundisha kumjua kuliko kuchora nyuso arobaini zilizopangwa kwenye gridi.

Na utoke nje. Umesema nyuso za bibi na mjukuu zinafanana. Zimefanana kwa sababu zote zimetoka kwenye simu. Nenda stendi, nenda Soko Kuu, kaa mahali usipozuia njia, uchore watu kwa nusu dakika kila mmoja. Anza na mstari mmoja uliopinda kutoka kisogoni hadi kisigino, huo ndio mwendo wa mwili, halafu valisha juu yake. Mpiga debe aliyeegemea daladala, mama anayejitwisha ndoo, mzee anayesubiri chenji, mtoto aliyechoka kubebwa. Usitafute kufanana na mtu, tafuta uzito uko mguu upi. Mtu akikuona na asipende, funga daftari, omba radhi, endelea na mwingine. Baada ya wiki chache utaanza kuona kwamba hakuna watu wawili wanaosimama sawasawa, na hapo suala la kipaji utakuwa umelijibu mwenyewe. Kubuni ni kukumbuka vitu vingi ulivyoviona na kuvichanganya kwa makusudi. Aliyeona machache hana cha kuchanganya.

Tableti usinunue sasa. Haitakuambia Tatu ana vichwa vingapi. Una penseli ya HB na 2B, una kifutio, una maka pen, na dukani kwenu kuna karatasi zilizoharibika upande mmoja ambazo mwenye duka nadhani atakuruhusu uzitumie upande wa pili. Muombe, usichukue kimyakimya. Michoro ya mwisho ichore kwa ukubwa unaozidi ule wa kuchapwa, ikipunguzwa mistari inajikaza na kasoro ndogo zinafifia. Iskani kwenye mashine ya dukani kwa nukta 600 kwa inchi kama ni mistari mitupu, 300 inatosha kama ina rangi. Ukitaka kujaribu rangi za kidijiti, kuna ibis Paint kwa simu, na ukipata kompyuta kuna Krita ambayo ni ya bure kabisa. Kitabu hiki kikishatoka na mkono wako ukishatulia, tableti itakuharakishia kazi unayoijua, na hapo fedha yako itakuwa imekwenda mahali pake.

Kuhusu pesa, haya yako naielewa, lakini yule mama alikuwa mwalimu. Amepokea mshahara maisha yake yote na hataona ajabu kijana naye akiuliza ujira wake. Anza kwa heshima: "Mama, kabla sijaendelea naomba tuelewane kuhusu kazi hii." Kisha zungumzeni mambo ambayo watu husahau. Bei ni ya kila ukurasa au ya kitabu kizima? Marekebisho ni mara ngapi kabla ya kuongeza malipo? Malipo ya awali ni kiasi gani? Na kubwa kuliko yote, Tatu ni wa nani? Jina na hadithi ni za mama, umbo umelibuni wewe. Kesho kikitoka kitabu cha pili, au mtu akitaka Tatu kwenye begi la shule, au kwenye katuni ya televisheni, nani anaulizwa na nani analipwa? Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kuna Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, inayosajili kazi za wabunifu. Lakini msingojee mgogoro ndipo mkaifungue sheria. Andikeni ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kawaida, mtie saini wote wawili, kila mmoja abaki na nakala. Michoro yako ya mwanzo, hata ile mibaya, itie tarehe na uitunze.

Baba yako usibishane naye kwa maneno. Hana picha ya mtu aliyeishi kwa kuchora, ndiyo maana anaogopa. Unaweza kumweleza habari za Gado, Godfrey Mwampembwa, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, akaanza kuchorea magazeti angali kijana mdogo, na mwaka 1992 akaenda Nairobi kuchorea magazeti ya Nation. Lakini kitakachomtuliza zaidi ni kuona kwamba hujaacha kazi ya duka, na kwamba una mkataba wenye saini. Umeme nao usiudharau. Kozi fupi za jioni zipo, na mchoraji anayejua ndani ya redio kuna nini atamchora Tatu vizuri kuliko anayekisia. Ukija kutaka kusoma sanaa yenyewe, kuna Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na Dar es Salaam kuna Nafasi Art Space ambapo wachoraji hukutana na kufanya kazi. Nenda kwanza ukaone, uulize, kabla hujalipa ada.

Kwa sasa rudi kwa mama umwombe mwezi mmoja, na umweleze kwamba hutampelekea kurasa. Utampelekea karatasi tatu: ya Tatu, ya bibi, na ya wote wawili pamoja. Azikague taratibu, aseme Tatu wake wa kichwani yuko hapo au hayupo, mrekebishe hadi aridhike, kisha aweke saini pembeni. Ndipo ukurasa wa kwanza uanze. Na mikono ikikusumbua, maana Tatu ana bisibisi na utalazimika kuchora vidole kila ukurasa, niandikie tena na uambatanishe michoro yako.